Kuthibitisha vyeti vya Tanzania kwa matumizi ya nje ya nchi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa watu wanaokwenda kusoma, kufanya kazi Ghuba, kufunga ndoa na raia wa kigeni, kuwafuata wenzi wao, au kuuza kiwanja nyumbani wakiwa ng'ambo. Yana namba ili jibu moja lisirudiwe mara tano. Yanahusu zaidi hati za Tanzania, Bara na Zanzibar. Majirani wana sehemu yao mwishoni.

## Mambo ya mwanzo

1. Kuthibitisha cheti kwa ajili ya nje ya nchi maana yake nini hasa?

Afisa wa Muscat, Oman, hajawahi kuiona saini ya msajili wa Korogwe, na hana njia ya kujua kama muhuri ulioko kwenye cheti chako ni wa serikali au ulichongwa uchochoroni Kariakoo. Kwa hiyo hutafutwa mtu wa kumdhamini msajili, kisha mtu wa kumdhamini mdhamini. Wizara ya Mambo ya Nje inasema: saini hii ya msajili tunaifahamu. Ubalozi wa nchi uendako unasema: saini hii ya Wizara tunaifahamu. Na afisa wa Muscat anaufahamu ubalozi wake mwenyewe. Huo ndio mnyororo wa mihuri, na kila pete inashika ile iliyotangulia tu.

Hakuna hata mmoja katika mnyororo huo anayeapa kwamba yaliyoandikwa ndani ya cheti ni kweli. Wanaapia mkono ulioandika. Ukilishika hilo, nusu ya maswali yaliyobaki hapa utayajibu mwenyewe.

Tatizo jingine ni lugha yetu. Kwa Kiswahili wakili "anathibitisha" nakala, Baraza la Mitihani "linathibitisha" matokeo, Wizara "inathibitisha" saini, na mwajiri naye "anathibitisha" kwamba shahada ni ya kweli. Hizo ni kazi nne tofauti. Mtu akikuambia "kathibitishe cheti", muulize: kwa nani, na athibitishe nini?

2. Apostili ni nini, na kwa nini Tanzania siipati?

Apostili ni cheti kidogo kinachobandikwa au kugongwa kwenye hati ya serikali, na kinachukua nafasi ya mnyororo wote wa swali la 1. Kilianzishwa na Mkataba wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961. Umbo lake ni la mraba, wenye upande usiopungua sentimita 9, una vipengele 10 vyenye namba, na kichwa chake lazima kiwe cha Kifaransa hata kama mengine yote yameandikwa kwa lugha ya nchi husika. Nchi mwanachama inatoa apostili, nchi nyingine mwanachama inaipokea, na ubalozi haukanyagwi.

Tanzania si mwanachama wa mkataba huo, wala Kenya, wala Uganda. Kwa hiyo hakuna ofisi ya Tanzania inayotoa apostili. Ukiambiwa na mtu wa mtandaoni kwamba anakupatia "apostili ya Tanzania" kwa siku mbili, pesa yako iweke mfukoni.

3. Lakini nchi ninayokwenda ni mwanachama. Bado nahitaji ubalozi?

Ndiyo. Mkataba unafanya kazi pale tu nchi zote mbili zimo. Oman imo tangu 2012, Bahrain tangu 2013, Saudi Arabia tangu 2022, China tangu Novemba 2023, Canada tangu Januari 2024. Kwa Mtanzania, tarehe hizo hazijabadilisha kitu: cheti chake kinapita Wizarani kisha ubalozini kama zamani. Kila nchi mpya inapoingia kwenye mkataba habari husambaa kwenye makundi ya WhatsApp kwamba "ubalozi hauhitajiki tena". Hauhitajiki kwa Mfilipino, ambaye nchi yake imo. Sisi bado.

Falme za Kiarabu, Qatar na Kuwait hazimo kabisa, kwa hiyo huko hata aliyetoka nchi ya apostili hupita ubalozini.

4. Je, kila nchi inadai mihuri hiyo?

Hapana, na hapa ndipo watu wanapopoteza fedha bure. Idara ya uhamiaji ya Marekani, kwa mfano, ikikuomba cheti cha kuzaliwa kwa ajili ya kesi ya familia, inataka cheti chenyewe kutoka mamlaka husika, na kama hakiko kwa Kiingereza, tafsiri kamili yenye tamko la mfasiri kwamba anaziweza lugha zote mbili na kwamba tafsiri ni sahihi. Haidai muhuri wa Wizara. Vyuo vingi navyo vinataka matokeo yatumwe moja kwa moja na baraza la mitihani au chuo chako, na mihuri ya ubalozi haiwasaidii chochote.

Wanaodai mnyororo kamili kwa kawaida ni waajiri na mamlaka za Ghuba, ofisi za ndoa za Ulaya, mahakama za nje, na benki au ofisi za ardhi pale mtu anapotumia mwakilishi.

## Njia yenyewe

5. Nianzie wapi?

Anzia mwisho. Muulize anayekipokea cheti, kwa maandishi: anataka cheti halisi au nakala? Anataka mihuri ya nani? Kwa lugha gani? Kisiwe na umri wa zaidi ya miezi mingapi? Jibu lake lichapishe ulibebe. Mtu anayeanzia nyumbani, akikusanya kila muhuri anaousikia, hujikuta na cheti kilichojaa wino kama daftari la mahudhurio na bado kinakataliwa kwa sababu tafsiri ilifanywa na mfasiri asiyetambuliwa huko.

6. Cheti changu kitoke ofisi gani kabla ya kwenda Wizarani?

Kuzaliwa, vifo na ndoa kwa Tanzania Bara ni RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ulioanza mwaka 2006 ukichukua kazi za iliyokuwa ofisi ya Kabidhi Wasii Mkuu. Cheti cha zamani kilichoandikwa kwa mkono wilayani kinaweza kuwa halali kabisa, lakini ubalozi ukashindwa kukisoma au Wizara ikakosa kielelezo cha saini ya msajili aliyestaafu zamani. Hapo omba RITA wakihakiki au wakupe kipya kabla ya kuanza safari ya mihuri. Kwa Zanzibar ofisi ni Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Usipeleke cheti cha Unguja RITA, daftari hawanalo.

Kidato cha nne na cha sita ni NECTA, yaani Baraza la Mitihani. Stashahada za vyuo vya ufundi na vya kati zinasimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi. Shahada inathibitishwa na chuo kilichoitoa, yaani ofisi ya msajili wa wanafunzi. Cheti cha tabia njema ni Jeshi la Polisi. Hukumu na amri za mahakama zigongwe na mahakama iliyozitoa, na zikiwa za mahakama za chini mara nyingi huulizwa saini ya Msajili wa Mahakama Kuu juu yake. Nyaraka za kampuni ziwe nakala zilizothibitishwa na BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Nakala uliyojipigia kutoka kwenye faili la ofisi yako haina mdhamini.

7. Nakala nimeshagongewa muhuri na wakili. Si inatosha?

Kwa kuombea kazi halmashauri, inatosha. Kwa nje ya nchi, wakili amesema jambo moja tu: nakala hii inafanana na karatasi niliyoonyeshwa. Kama karatasi aliyoonyeshwa ni ya kughushi, nakala ni nakala nzuri ya kitu cha kughushi, na wakili hajadanganya.

Kwa sababu hiyo balozi nyingi hazitaki nakala ya wakili kwa vyeti vya kuzaliwa, ndoa na shule. Wakili ana nafasi yake kwenye hati zinazozaliwa ofisini kwake: viapo, makubaliano, barua ya mzazi kumruhusu mtoto kusafiri, hati ya kumpa mtu mamlaka. Hizo ndizo hupandishwa kutoka kwa wakili hadi Wizarani, kwa utaratibu ambao Wizara yenyewe itakuelekeza kulingana na aina ya hati.

8. Wizara ya Mambo ya Nje wanaangalia nini?

Wanaangalia kama saini na muhuri ulioko kwenye cheti unalingana na vielelezo walivyonavyo vya ofisi iliyokitoa. Vikilingana wanathibitisha. Visipolingana wanakurudisha kwa mtoaji, na hawakuonei. Makao makuu ni Mji wa Serikali, Mtumba, Dodoma, na Wizara ina ofisi Dar es Salaam na Zanzibar. Uliza kwanza ofisi ipi inapokea hati yako kabla ya kupanda basi au treni.

Nenda na cheti halisi, nakala yake, kitambulisho, na kama unamwakilisha mtu, barua yake. Malipo ya serikali ni kwa kontroo namba, yaani namba maalumu ya malipo. Anayetaka taslimu mkononi siye.

9. Ubalozi wa nchi ninayokwenda haupo Dar. Nifanyeje?

Tafuta ubalozi uliopewa dhamana ya Tanzania, mara nyingi upo Nairobi. Thailand ni mfano: ubalozi wake wa Nairobi ndio unaoihudumia Tanzania. Hati itoke Wizarani kwetu kwanza, ndipo ivuke mpaka. Ikienda Nairobi bila muhuri wa Wizara yetu itarudi, na muhuri wa Wizara ya Kenya hauwezi kuiziba nafasi hiyo kwa sababu Nairobi hawazijui saini za RITA.

10. Nimemaliza ubalozi wa Falme za Kiarabu, Dubai bado wanasema cheti "hakijakamilika". Kwa nini?

Kwa sababu kuna hatua ya tatu. Muhuri wa ubalozi wao uliopo Dar unathibitishwa tena na Wizara ya Mambo ya Nje ya huko ukishafika. Kisha, kama kitatumika mahakamani au kwenye ofisi ya serikali, kinatafsiriwa kwa Kiarabu na mfasiri mwenye leseni ya Wizara ya Sheria ya huko. Mawakala wa ajira huita kazi yote hii "atestesheni" kana kwamba ni kitu kimoja, halafu bei wanayokutajia inaishia ubalozini. Uliza bei inaishia wapi.

11. Huchukua muda gani?

Hatua za mihuri zenyewe ni siku chache kila moja. Kinachokula muda ni hatua ya kwanza: cheti kinachohitaji kutafutwa kwenye daftari la wilaya, jina lililokosewa, talaka isiyo na amri ya mahakama. Tenga miezi miwili kama vyeti vyako ni safi. Kama una tatizo lolote kati ya yale ya swali la 12 hadi la 17, usinunue tiketi.

## Cheti kwa cheti

12. Tulifunga ndoa kanisani (au msikitini) na tuna cheti. Kinatosha?

Inategemea ni cheti kipi. Mfungishaji ndoa mwenye leseni hutoa cheti cha serikali na kupeleka kumbukumbu kwa msajili. Kanisa likaongeza cheti chake kizuri chenye picha ya njiwa na pete. Watu huweka cha njiwa kwenye fremu, na cha serikali kinapotea. Ubalozi unataka cha serikali.

Jambo la pili: kuna wafungishaji ambao kumbukumbu zao hazikufika kwa msajili. Wanandoa hugundua miaka kumi baadaye, mmoja akiwa ameshapata kazi Ulaya na anataka mwenzake amfuate. Kama ndoa yako ni ya miaka mingi na hukuwahi kuihakiki, hakiki leo kabla hujaihitaji. Ikiwa haipo kwenye daftari, rudi kwa aliyewafungisha akiwa na kitabu chake. Taasisi ya dini ikiwa na kumbukumbu, kazi inarekebishika.

13. Nimepewa talaka na shehe. Naweza kuoa au kuolewa nje kwa karatasi hiyo?

Kwa Bara, hapana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitaka mahakama itoe amri ya talaka hata kwa ndoa ya Kiislamu, baada ya shauri kupita kwenye baraza la usuluhishi. Karatasi ya shehe au ya baraza ni ushahidi wa kupeleka mahakamani. Afisa wa ndoa wa Ujerumani au Italia ataomba amri ya mahakama, na ana haki ya kuiomba.

Zanzibar ni jambo jingine, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki huko. Talaka za Waislamu zinashughulikiwa na Mahakama ya Kadhi, ambayo ni mahakama ya serikali. Hati yake inathibitishwa kama hati ya mahakama.

Ikiwa amri ni ya Mahakama ya Mwanzo itakuwa kwa Kiswahili, na tangu marekebisho ya sheria ya 2021 hata mahakama za juu zinaandika kwa Kiswahili zaidi. Tazama swali la 18.

14. Baba yangu ana miaka 74 na hana cheti cha kuzaliwa. Viza inakitaka.

Asajiliwe sasa. Sheria inaruhusu usajili uliochelewa. Kinachotakiwa ni ushahidi: cheti cha ubatizo, cheti cha kumaliza shule, kadi ya kliniki kama ipo, kitambulisho cha taifa, kiapo cha ndugu mkubwa kuliko yeye. Usimtengenezee "cha zamani" kwa mtu wa pembeni. Cheti cha mwaka huu kinachosema alizaliwa 1951 ni halali, na tarehe ya usajili inaonekana wazi. Kinachowatia shaka maafisa ni cheti cha 1951 kilichoandikwa kwa fonti ya kompyuta.

Baadhi ya balozi zitataka na ushahidi wa pembeni kwa cheti kilichochelewa. Ndiyo maana ule wa ubatizo au shule usiutupe baada ya kupata cha RITA.

15. Vyeti vyangu vya shule vimelaminishwa. Kuna shida?

Kuna shida. Wino haushiki kwenye plastiki, na afisa hawezi kupapasa karatasi wala kuangalia alama za usalama. Dada yangu alilaminisha cheti chake cha kidato cha sita kwa mapenzi tu, kisilowane na mvua. Kukivua kikachanika saini. Usijaribu pasi ya moto nyumbani. Peleka kwa aliyekitoa na uliza utaratibu wake.

Cheti kilichopotea huanzia kwa taarifa ya polisi ya kupotelewa, kisha maombi kwa baraza la mitihani. Na kwa anayewaza njia ya mkato: uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma mwaka 2017 uliwaondoa kazini watu 9,932, na kilichowaangusha ni namba za mtihani zilipolinganishwa na daftari. Waajiri wa nje wanaweza kuuliza daftari hilo hilo.

16. Cheti cha tabia njema kinadumu muda gani?

Wanaokipokea wengi wanakubali kisichozidi miezi sita, wengine mitatu. Kwa hiyo kiwe cha mwisho kuombwa, baada ya vile visivyozeeka. Kinahitaji alama za vidole, na aliye nje anaweza kuchukuliwa alama hizo huko aliko na kuzituma. Ubalozi wetu wa nchi hiyo utamwelekeza. Ukiishi nchi tatu, utaombwa vyeti vitatu, kila kimoja kutoka polisi wa nchi husika.

17. Cheti cha kuzaliwa kinasema Asha Juma, pasipoti inasema Aisha Juma Ally. Nifanyeje?

Kosa la herufi lililofanywa na ofisi lirekebishwe na ofisi iliyolifanya. Hiyo ndiyo njia safi kuliko zote.

Jina lililobadilika kwa hiari, kwa ndoa au kwa dini linahitaji hati ya kubadili jina, ile watu wanayoiita "dipoli", iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Ambayo haijasajiliwa ni karatasi ya wakili tu.

Kiapo cha kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja kinasaidia pale tofauti ni ndogo. Kikibebeshwa tofauti ya majina matatu, mwaka wa kuzaliwa na jina la mama, hakuna afisa atakayekubali. Na chochote utakachochagua, nacho kipite mnyororo mzima pamoja na vyeti vyenyewe. Watu hupeleka cheti Wizarani na kukisahau kiapo.

## Tafsiri

18. Nani anatakiwa kutafsiri?

Anayetambuliwa na mpokeaji. Ndani ya Tanzania, BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, hutafsiri na kuthibitisha tafsiri, na muhuri wake unafahamika Wizarani. Lakini nchi nyingi za Ulaya na Ghuba zina wafasiri wao walioapishwa au wenye leseni, na hawapokei tafsiri ya nje hata ikiwa nzuri kuliko yao.

19. Nitafsiri kabla ya mihuri au baada?

Ukitafsiria hapa: tafsiri kwanza, kisha hati na tafsiri yake zipite pamoja. Ukitafsiria huko: mihuri kwanza, kwa sababu mfasiri atatafsiri na mihuri yenyewe, pamoja na saini na tarehe zilizopo nyuma ya karatasi. Tafsiri iliyotangulia mihuri itaonekana na pengo.

## Hati za nje kuja nyumbani

20. Niko Uingereza (au Canada, Marekani). Nataka kumpa ndugu mamlaka ya kuuza kiwanja changu Kigamboni.

Hiyo ndiyo pawa ofu atoni. Njia mbili. Ya kwanza: isaini mbele ya nota (mthibitishaji wa hati) wa huko, ipate apostili ya serikali ya huko, kisha ipelekwe ubalozi wa Tanzania. Apostili peke yake haimalizi kazi kwa sababu iliyoelezwa swali la 3, kwa upande wa pili. Ya pili ni kusaini mbele ya afisa wa ubalozi wetu. Hii ni fupi kwa anayeishi karibu na London, Ottawa au Washington. Hati zinazotolewa na maafisa wa ubalozi haziingii kwenye mkataba wa apostili hata kidogo, kwa hiyo usiitafutie.

Ikifika nyumbani, ilipiwe ushuru wa stempu na isajiliwe kabla ya kutumika kwenye ofisi ya ardhi. Andika namba ya kiwanja, kitalu na mji, na taja wazi: kuuza, kupokea fedha, au kusaini tu. "Ashughulikie mambo yangu yote ya ardhi" ni sentensi iliyowavunja ndugu wengi.

21. Nimesoma nje. Shahada yangu inatambuliwaje hapa?

Mihuri haitoshi na mara nyingine haihitajiki. Utambuzi wa shahada za nje ni kazi ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, na ya matokeo ya sekondari ya nje ni NECTA, ambao hulinganisha na madaraja yetu. Saini kuwa halali ni jambo moja, chuo kutambuliwa ni jingine.

## Mambo ya pembeni

22. Kenya, Rwanda, Burundi na Congo wanafanyaje?

Kenya inafuata mnyororo kama sisi, ila maombi mengi huanzia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Wakenya wanaokwenda Ujerumani wajue kwamba ubalozi wa Ujerumani Nairobi hauhalalishi vyeti vya Kenya kwa muhuri; ofisi ya Ujerumani inayoshughulikia jambo lako ndiyo huomba uchunguzi wa cheti ufanywe, na uchunguzi huo huchukua miezi na una gharama yake.

Burundi imo kwenye mkataba wa apostili tangu 2015 na Rwanda tangu Juni 2024. Mnyarwanda anayepeleka cheti kwenye nchi ya apostili na Mtanzania anayepeleka cheti hicho hicho wako kwenye foleni tofauti. Lakini Mnyarwanda huyo akikileta Dar, Tanzania si mwanachama, kwa hiyo ni mnyororo tena. Kongo ya Kinshasa haimo.

Halafu kuna tundu moja kwenye mkataba: mwanachama wa zamani anaweza kumpinga mgeni, na kati ya wawili hao apostili haifanyi kazi. Ujerumani iliipinga India ilipoingia 2005. Aliye Kigali au Bujumbura aulize kwanza kama nchi anayokwenda haikuweka pingamizi.

23. Mimi ni mkimbizi. Nikathibitishie cheti ubalozi wa nchi niliyoikimbia?

Usiende kabla ya kupata ushauri. Kwenda kwa serikali uliyoikimbia kunaweza kutumika kama hoja kwamba huiogopi tena. Ibara ya 25 ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 inaipa nchi inayokuhifadhi wajibu wa kukusaidia kupata hati ambazo kwa kawaida zingetoka kwenu. Walioko kambi ya Nyarugusu, Kigoma, waanzie kwa maafisa wa serikali wa kambini na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, na waseme wazi hati inatakiwa kwa ajili ya nini.

24. Cheti changu ni PDF yenye msimbo wa QR. Nikichapishe nikigongee mihuri?

Uliza anayekitoa kama ana utaratibu wa kukisaini. Kukichapisha kwenye stesheneri ya mtaani kunakupa karatasi isiyo na saini ya mtu yeyote, na swali la 1 linasema mnyororo unaanzia kwenye saini. Nchi za apostili zimeanza kutoa apostili za kielektroniki tangu mpango wao wa 2006, kwa hiyo huko jambo hili limetangulia mbele.

25. Bidhaa zangu zinahitaji cheti cha asili. Kinapita njia hii?

Kina njia yake. Cheti cha asili cha bidhaa huombwa TCCIA, chemba ya wafanyabiashara, na hati za forodha na biashara zimeachwa nje ya mkataba wa apostili tangu mwanzo. Muulize wakala wako wa forodha, na ubalozi wa nchi ya mnunuzi kama mnunuzi amesisitiza muhuri wake.

26. Muhuri wa Wizara au wa ubalozi huisha muda?

Muhuri wenyewe kwa kawaida hauna tarehe ya mwisho. Kinachozeeka ni cheti kilicho chini yake: tabia njema, hati ya kutokuwa na pingamizi la ndoa, taarifa ya benki. Tazama swali la 16.

27. Kuna mtu nje ya ofisi anasema atanifanyia haraka. Nimpe?

Kishoka anayepanga foleni kwa niaba yako na kukuletea risiti ya serikali, hiyo ni biashara yake na wewe. Anayekuambia usije ofisini, hakupi kontroo namba na analeta cheti kimegongwa tayari usiku huo huo, amekununulia muhuri wa kughushi kwa jina lako. Siku kinapokamatwa, jina lililopo kwenye cheti ni lako.

28. Wizara wameunganisha karatasi mbili kwa pini na muhuri katikati. Naweza kuzitenganisha nipige fotokopi?

Usizitenganishe. Muhuri uliokaa nusu huku na nusu kule ndio ushahidi kwamba karatasi hazikubadilishwa. Pini ikitoka, hata wewe mwenyewe ukiirudisha kwa uangalifu, ubalozi utaona matundu mapya na utakurudisha Wizarani uanze upya. Kunja ukurasa wa juu nyuma, piga kopi hivyo hivyo.